Kubadili sproketi ya pikipiki: jino moja linabadili nini, na mshale wa spidi unasema kweli lini

Pikipiki inayopakia magunia ya mahindi kutoka mashambani Mvumi na ile inayokimbia lami kutwa nzima kati ya Mtumba na katikati ya jiji la Dodoma zinaweza kuwa za aina moja, zimetoka duka moja, na bado hazistahili meno sawa. Kubadili sproketi, yale magurudumu mawili ya meno yanayobeba cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye tairi, ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuifanya pikipiki ifae kazi yake, bila kufungua injini. Lakini kuna mawili ambayo wengi huyaruka: kupiga hesabu kabla ya kununua, na kujua kama mshale wa spidi utaendelea kusema kweli baada ya kubadili. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda sproketi haiugusi mshale hata kidogo. Kwenye nyingine, jino moja tu la mbele linaupotosha kwa zaidi ya asilimia 7. Ni lazima ujue yako iko kundi gani.

Hesabu ya meno

Chukua idadi ya meno ya nyuma, gawanya kwa meno ya mbele. Nyuma 42 na mbele 14 unapata 3.00, maana yake sproketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Namba hii, yaani uwiano, ikipanda, pikipiki inapata nguvu na kupoteza mbio. Ikishuka, inapata mbio na kupoteza nguvu. Huwezi kuongeza vyote viwili kwa sproketi, na fundi anayekuahidi hivyo hajapiga hesabu.

Usiige meno ya pikipiki ya jirani hata kama jina kwenye tangi ni moja. Pikipiki za jina moja huweza kutoka na meno tofauti kwa matoleo tofauti, na yako huenda imeshabadilishwa na mwenye nayo wa kwanza. Angalia kama namba imepigwa kwenye chuma, kwa mfano 428-14T: 428 ni namba ya cheni, 14 ni meno. Kama imefutika, tia chaki kwenye jino moja na uhesabu kwa kidole mpaka urudi kwenye chaki.

Sasa tuchukue pikipiki ya 14 kwa 42 (mbele 14, nyuma 42) ambayo, ikiwa gia ya juu kabisa na injini inazunguka mara 7,000 kwa dakika, inakwenda kilomita 70 kwa saa. Kwa mizunguko ile ile ya injini:

13 kwa 42 (3.23): kilomita 65 kwa saa
14 kwa 45 (3.21): kilomita 65 na kidogo
14 kwa 42 (3.00): kilomita 70
14 kwa 39 (2.79): kilomita 75 na kidogo
15 kwa 42 (2.80): kilomita 75

Utaona kwamba jino moja la mbele linafanya kazi ya meno matatu ya nyuma. Ukitaka kurekebisha kidogo kidogo, cheza na nyuma. Ukitaka mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo, badili mbele. Na ukitaka kubaki kwenye 70 ile ile ukiwa umefunga 13 mbele, injini itabidi izunguke karibu mara 7,540 kwa dakika badala ya 7,000. Ukifunga 15, itashuka hadi kama 6,530. Hiyo tofauti utaisikia kwenye mlio, kwenye joto la injini na kwenye mafuta.

Mshale unachukua spidi wapi?

Kabla hujagusa spana, fuata waya wa spidi kwa macho kutoka kwenye dashibodi hadi unapoishia.

Ukiwa ni waya mnene unaozunguka ndani kwa ndani na umeingia kwenye habu (kitovu) ya tairi la mbele, uko kundi la kwanza. Pikipiki nyingi za bodaboda ziko hapa. Mshale unahesabu mizunguko ya tairi la mbele tu, na tairi la mbele halijui una meno mangapi nyuma. Badili sproketi unavyotaka, spidi itasomeka vile vile na kilomita zitahesabiwa vile vile.

Ukikuta waya mwembamba wa umeme umeingia kwenye injini, karibu na kava la sproketi ya mbele, uko kundi la pili, na hapo ndipo penye kazi. Mwisho wa waya huo kuna sensa, kifaa cha umeme kinachohesabu mizunguko ya shafti au gia za ndani, na kompyuta ndogo ya dashibodi inageuza hesabu kuwa kilomita ikidhani meno bado ni yale ya kiwandani. Pikipiki nyingi kubwa za Kijapani, za porini na za lami, zimetengenezwa hivi.

Kundi la tatu lina sensa kwenye tairi lenyewe, mara nyingi pamoja na pete ya breki za ABS, zile zinazozuia tairi lisigande ukifunga breki. Nalo haliguswi na sproketi.

Kama macho hayatoshi, jaribu hivi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, tairi la nyuma likiwa hewani. Washa, ingiza gia ya kwanza, achia klachi taratibu, tairi la nyuma lizunguke polepole. Mikono, kanga na vitenge vikae mbali na cheni. Mshale ukipanda wakati tairi la mbele limetulia, spidi inatoka kwenye giaboksi au tairi la nyuma. Ukikaa sifuri, inatoka mbele.

Kupotoka kwa mshale, kwa namba

Hesabu hii inahusu kundi la pili tu. Spidi ya kweli ni spidi unayoiona, mara uwiano wa zamani, gawanya kwa uwiano mpya. Pikipiki ya 14 kwa 42 iliyofungwa 13 mbele: ukiona 70, zidisha kwa 3.00, gawanya kwa 3.23, unapata 65. Mshale unasema uongo wa kukuzuia, usio na hatari kubwa. Lakini kilomita nazo zinavimba. Ukitembea kilomita 1,000 za kweli, dashibodi itaandika kama 1,077. Anayepima mafuta kwa kugawanya kilomita kwa lita ataona pikipiki yake ni ya kubana matumizi, kumbe ni hesabu imevimba.

Ukifunga 15 mambo yanageuka, na huku ndiko kubaya. Ukiona 70 uko 75. Ukiona 50, ambacho ndicho kikomo kwenye maeneo ya makazi, uko karibu 54. Tochi ya trafiki haiulizi mshale wako. Kilomita nazo zinaandikwa pungufu, 1,000 zinasomeka kama 933, kwa hiyo oili unayodhani ina kilomita 2,000 imeshatembea zaidi ya 2,140.

Kumbuka pia kwamba mshale wa kiwandani wenyewe huwa haugongi namba sawasawa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inakataza mshale kuonyesha spidi ndogo kuliko ya kweli, kwa hiyo watengenezaji huuweka usome juu kidogo. Ndiyo maana baadhi ya wanaofunga jino moja zaidi mbele hukuta mshale umekaribia ukweli kuliko mwanzo. Ni bahati tu, ipime kabla ya kuitegemea.

Walio kundi la kwanza wasilale. Kinachowapotosha wao ni tairi la mbele. Tairi la 2.75-18 lina mzingo wa takriban mita 1.87, la 2.75-17 ni takriban mita 1.80. Ukifunga ringi ya 17 kwenye pikipiki iliyotoka na ya 18 na kuacha kikombe cha spidi (kile chenye meno kwenye habu kinachozungusha waya) kile kile, mshale utasoma juu kwa asilimia 4 hivi. Ukibadili 2.75 kuwa 3.00 kwenye ringi ile ile, utasoma chini kwa asilimia 2. Tairi lililoisha kashata nalo linapandisha mshale kidogo.

Uchague meno mangapi hapa Dodoma

Mji uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, na injini ndogo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ongeza upepo wa kiangazi unaokuja usoni kwenye barabara wazi, na utaelewa kwa nini meno 15 yanayopendeza Dar es Salaam yanaweza kukukatisha tamaa ukitoka Ihumwa kwenda Chamwino. Gia ya tano inakataa kuvuta, unarudi ya nne, na mbio ulizonunua huzioni.

Kwa pikipiki ya cc 125 au 150 inayobeba madumu, magunia au abiria wenye mizigo kwenye mchanga wa makorongo, njia za Hombolo na Mvumi, au milima ya Mpwapwa na Kondoa, punguza jino moja mbele au ongeza meno mawili hadi matatu nyuma. Klachi itakushukuru: kinachounguza klachi kwenye mchanga ni kuishikilia nusu nusu kwa sababu gia ya kwanza ni ndefu mno.

Kwa anayeshinda kwenye lami bila mzigo, baki na meno ya kiwandani. Kuongeza jino mbele kuna maana kwa mtu mwepesi anayesafiri mbali, Dodoma hadi Morogoro au Singida, peke yake, na injini yake iko na afya. Hata huyo, akifika kwenye mpando wa ukingo wa Bonde la Ufa kabla ya Manyoni, atashusha gia mapema kuliko alivyozoea.

Kupunguza mbele ni rahisi mfukoni, lakini kuna gharama iliyojificha. Sproketi ndogo inaikunja cheni kwa pembe kali zaidi, meno machache yanagawana mzigo, na cheni inakwenda chini zaidi na kukwaruza raba ya chuma kinachoshika tairi la nyuma. Kwa majaribio, au kwa msimu wa mavuno, punguza mbele. Ukiwa na hakika kwamba kazi yako ni ya mzigo mwaka mzima, ongeza nyuma, cheni itadumu. Usishuke chini ya meno 13 mbele kwa cheni ya 428 bila sababu nzito.

Kununua

Nenda dukani na sproketi ya zamani mkononi. Ya mbele lazima ilingane kwa mambo matatu: idadi ya mikato ya ndani inayoshika shafti, kipenyo cha tundu, na nafasi ya matundu ya kibati, yaani kile kisahani kinachoizuia isichomoke kwenye shafti. Ya nyuma: tundu la katikati, idadi ya bolti na umbali kati yake. Namba ya cheni isome pia. Cheni ya 420 na ya 428 zina hatua sawa, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, lakini 428 ni pana zaidi na rola zake ni nene zaidi. Sproketi ya 420 inaingia kwenye cheni ya 428 na kucheza ndani yake, na muuzaji asiyejali anaweza kukupa.

Pima cheni kabla ya kuamua kuibakiza. Ivute ikaze, pima hatua 20 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imeisha. Sproketi mpya kwenye cheni iliyovutika inakufa haraka, kwa sababu cheni inapanda juu ya meno na kuyalaza kama ndoano. Vumbi la hapa linaifikisha cheni kwenye 259 mapema, kwa hiyo mara nyingi kununua seti nzima, cheni na sproketi mbili, ndiyo nafuu ya kweli.

Kufunga

Andaa spana za 10 hadi 19, ya ekseli yako, koleo, bisibisi, brashi ya waya, mafuta ya taa, girisi na oili ya gia ya 90. Petroli isitumike kusafisha cheni. Inaosha grisi na inashika moto.

1. Fungua kava la sproketi ya mbele. Kwangua tope lote lililogandamana. Hapo ndipo utaona kama sili ya shafti inavuja. Kama inavuja, ibadili sasa.

2. Legeza sproketi ya mbele cheni ikiwa bado imefungwa. Ingiza gia ya kwanza, mwenzako akanyage breki ya nyuma, halafu legeza bolti mbili za kibati, au nati kubwa baada ya kunyoosha kisahani chake. Ukitoa cheni kwanza, huna cha kuzuia shafti isizunguke.

3. Legeza nati ya ekseli na vikaza cheni pande zote mbili, sogeza tairi mbele. Fungua loki ya cheni kwa koleo, toa cheni.

4. Chomoa sproketi ya mbele na uangalie ubavu wake. Nyingine zina ukingo ulioinuka upande mmoja. Mpya iingie ikitazama upande ule ule. Ukigeuza, cheni itakwenda imepinda.

5. Weka mpya, zungusha kibati kwenye mfereji wa shafti mpaka matundu yalingane, kaza bolti. Kwa bolti za milimita 6, mkazo wa Nm (newton-mita) 10 hadi 12 unatosha. Vuta sproketi kwa mkono: kucheza kidogo ndani na nje ni kawaida kwa aina hii ya kibati, kutoka kwenye mikato si kawaida. Kibati kisichoingia kwenye mfereji wake ndicho kinachoachia sproketi ikatoka njiani, cheni ikajikunja na kupasua injini. Hapa usiharakishe.

6. Kwa ya nyuma, toa tairi. Shika sproketi na ujaribu kuizungusha kwenye habu. Ikicheza sana, raba za ndani zimekwisha na zitakupa mgongano kila ukivuta mafuta. Kaza nati kwa kuvuka, si kwa kufuata duara, na kunja vibati vyake vya kufungia.

7. Angalia urefu wa cheni. Kila jino unaloongeza au kupunguza linasogeza ekseli kwa kama milimita 3. Kupunguza jino moja mbele kunairudisha nyuma 3. Kuongeza matatu nyuma kunaileta mbele karibu 10. Ekseli ikigota mwisho wa njia yake, ongeza au punguza cheni kwa pingu (vipande vya cheni) mbili, ambazo zinasogeza ekseli kwa milimita 12.7. Nusu pingu ya kuungia ni sehemu dhaifu, iepuke.

8. Loki ya cheni: upande uliofumba uelekee kule cheni inakokwenda. Ikiwa sehemu ya juu, upande uliofumba utazame mbele. Ikiwekwa kinyume, jiwe moja linaing'oa.

9. Zungusha tairi kwa mkono mizunguko kadhaa. Sikiliza kama sproketi kubwa ya mbele inagusa kava au injini, na kama ya nyuma inagusa kava la cheni. Tafuta mahali cheni inapokaza zaidi, na hapo ndipo upime ulegevu. Fuata kibandiko cha pikipiki yako. Kwa nyingi ndogo ni milimita 20 hadi 30. Kama unabeba mzigo mzito, mwombe mtu akae nyuma uangalie tena, kwa sababu cheni inakaza zaidi pale shafti, egemeo la chuma cha nyuma na ekseli vinapokaa kwenye mstari mmoja. Iliyokazwa sana inakula beringi ya giaboksi.

10. Linganisha alama za vikaza pande zote mbili, kaza ekseli, kaza vikaza, paka oili upande wa ndani wa cheni.

Kupima njiani

Funga simu kwenye usukani, fungua programu yoyote inayosoma spidi kwa setilaiti. Tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, asubuhi kabla upepo haujaamka. Shika spidi moja bila kubadilika kwa sekunde 15 angalau, kwa sababu simu huchelewa kidogo. Fanya kwa mshale wa 40, 60 na 80 pale inaporuhusiwa, kwenda na kurudi, na abiria ndiye aandike. Huna simu? Tumia nguzo za kilomita: kilomita moja kwa sekunde 60 ni spidi 60, kwa sekunde 72 ni 50. Kwa kilomita za dashibodi, linganisha umbali wa kilomita 20 au zaidi. Mbili tatu hazitoshi kuonyesha kosa.

Tofauti ikiwa ya asilimia ile ile kwenye spidi zote, ni meno au tairi. Ikiwa inayumba na mshale unarukaruka, tatizo ni waya umekauka au kikombe cha spidi kimeliwa meno, na hapo hesabu za sproketi hazihusiki.

Kwa kundi la sensa ya giaboksi, dashibodi nyingine zina sehemu ya kurekebisha kwa asilimia. Zisizo nayo hufungwa kifaa kidogo cha elektroniki kati ya sensa na dashibodi. Kwa 14 kwenda 13, punguza asilimia 7.1. Kwa 14 kwenda 15, ongeza 7.1. Kama kosa la kiwandani ulilipima kabla ya kubadili, lijumlishe humo humo.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, kagua tena nati za nyuma, bolti za kibati na ulegevu wa cheni; cheni mpya hulegea kidogo ikishakaa. Na kwa pikipiki inayoendeshwa na zaidi ya mtu mmoja, andika meno mapya na spidi ya kweli kwenye karatasi ngumu, ibandike chini ya kiti: 13 kwa 42, ukiona 50 uko 46.